Nyambizi niliyoiunda Tabora, nyuki wa Sabasaba na jibu la posa yangu

Mwangaluka wakuu, na shikamoo kwa wachache mnaonizidi umri humu.

Hii habari nimeibana kifuani tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Leo naileta mbichi, bila chumvi. Mkiona mahali nimejisifu, nikumbusheni, maana uzee nao una mambo yake.

Juzi mjukuu wangu wa kike alinionyesha kwenye simu model ya nyambizi, imejaa rivets, gia na mabomba ya shaba. Akasema, "Babu, hii inaitwa steampunk."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia hiyo kitu nimeitengeneza Tabora kabla mama yako hajazaliwa, na bibi yako nilimpata kwa ajili yake. Akaniona mzee anaanza kuchanganyikiwa.

Basi kaeni vizuri.

Nilikuwa fundi karabai. Kwa watoto wa juzi, karabai ni taa ya mafuta ya taa unayoipampu, inavuma na kutoa mwanga mweupe peee. Kibaraza changu kilikuwa Gongoni na wateja hawakukosekana.

Mmoja wao alikuwa mzungu, mhandisi wa reli. Siku anarudi kwao akagawa vitu. Waliowahi walipata redio na baiskeli. Mimi mchelewaji nikapewa boksi. Juu ina picha ya nyambizi ya kizamani, ndefu, ina pembe mbele na madirisha ya duara. Ndani ni vipande vya plastiki, nusu vimepotea, gundi imekauka kama jiwe, na maelekezo yako kwa lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya nchi gani.

Mwenye akili timamu angewashia jiko. Mimi nikashikwa na wazimu.

Nyambizi, wakuu! Tabora! Mji ambao maji ya kunywa yenyewe tulikuwa tunayasubiri kwa dua.

Kila jioni nikifunga kazi, nakaa nayo. Ubavu uliokosekana nikauchonga kwa bati la kopo la mafuta ya kula. Rivets, ile misumari ya kubania mabati, nikatumia vichwa vya pini, nilizipanga moja moja kwa kibanio, mia na ushee, mpaka macho yanatoa machozi. Madirisha madogo ni vile vipete vya matundu ya viatu, nilivipata kwa fundi viatu jirani. Dirisha kubwa la mbele nikaweka pete nene ya shaba ya karabai iliyokufa. Kutu nikapaka ugoro uliolowekwa kwenye kahawa. Ukiitazama kwa mbali unaapa imelala baharini miaka hamsini.

Gia sasa. Gia nilizifuata kwa Mzee Salum, fundi saa, Mwarabu wa Tabora wa tangu mababu, mtu wa maneno machache. Alikuwa na kopo la saa mbovu, akaniruhusu nichague.

Niseme ukweli, gia nilizihitaji sita. Safari nilikwenda kama ishirini. Mzee alikuwa na binti, anaitwa Zuwena. Mmeshaelewa.

Nikatuma mshenga na barua ya posa. Jibu la mzee likarudi: "Nimeisoma. Mwambieni nitajibu baada ya Sabasaba. Nasikia ana kitu anakipeleka kwenye maonyesho. Nataka kwanza nione mkono wake."

Mjini walishamwambia kijana mwenyewe anachezea vidude. Kwa hiyo ile nyambizi ndiyo ikawa mahari yangu, utu wangu, kila kitu. Usingizi ukakata.

Shida ilibaki moja: gundi. Madukani hakuna kitu, sabuni yenyewe kwa foleni. Mjomba wangu Maganga, mrina asali wa huko Usinge, akaniletea bonge la nta. Ile mbichi kabisa, haijachemshwa wala kuchujwa, asali bado inachuruzika. Nikaziba nayo kila ufa. Nikapaka na ndani yote, maana nilitaka iwe haivuji hata tone.

Wanyamwezi wenzangu hapo mmeshashika vichwa.

Kwa ambao hamjui: mrina asali akitaka nyuki waingie mzingani, anaupaka nta ndani, anaacha kitundu, anaondoka. Nyuki wenyewe watakuja. Hilo kwetu mtoto wa miaka mitano analijua. Na mimi, mjukuu wa warina asali pande zote mbili, nimechukua kitu kirefu cha duara, nimekipaka nta ndani, nimekiachia tundu mbele, maana kioo cha dirisha sikukipata. Halafu nimekipa jina nyambizi!

Siku ya Sabasaba ikafika. Nikaiweka mezani, juani, nimevaa shati la kuazima. Kushoto kwangu kuna jembe la kukokotwa na ng'ombe, kulia magunia ya karanga. Watu wakajaa kwangu. Kiongozi mmoja akapita, akaitazama sana.

"Ndugu, hii itawasaidiaje wanakijiji?"

"Ndugu kiongozi, ni... ni ya kupimia kina cha visima."

Akaandika kwenye daftari! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Salum naye akafika, ameongozana na mshenga wangu. Akatoa kile kioo chake cha kutazamia saa, akakibana jichoni, akaanza kukagua rivets.

Hapo ndipo nilipomwona nyuki wa kwanza anaingia kwenye dirisha la mbele.

Nikasema nimtoe kabla mzee hajamwona. Nikachomeka kidole. Kiliingia kwa kusukuma. Kutoka, kikagoma.

Nyuki akanipiga mwiba humo humo ndani. Kidole kikaanza kuumuka kama andazi. Navuta, wapi! Nainua macho, naona wingu linakuja kutoka upande wa mwembe wa pembeni ya uwanja, linanguruma.

Toba yarabi!

Kilichofuata mji mzima ulikiona. Watu wanapiga kelele, kinamama wanakimbia wamejifunika khanga, magunia ya karanga yanamwagika. Na mimi nimeinua nyambizi juu, nakata uwanja peke yangu, nyuki wote wananifuata mimi. Nikakimbia mpaka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, nikajitosa na nyambizi yangu, kichwa chini. Hiyo ndiyo mara pekee ilipozama majini.

Nilipoinuka, nyuki wametawanyika, na umati unapiga makofi.

"Kijana kajitoa mhanga! Kawabeba nyuki akawatoa kwa watu!"

Kiongozi akashika kipaza sauti akasema huyu ndiye mfano wa kujitolea kwa ajili ya umma. Uso wangu umevimba, jicho moja halifunguki, nimenyamaza. Nyambizi ilipasukia birikani, lakini pete ya shaba imebaki imenibana kidole, nimekificha kwenye shati.

Wote walishangilia isipokuwa Mzee Salum. Alinisogelea, akasema taratibu, "Njoo dukani."

Dukani akafunga mlango. Akanishika mkono akauweka mezani, akabana kioo jichoni, akachukua msumeno mwembamba kama uzi, akaanza kuikata ile pete ya shaba kwenye kidole changu. Nyuma ya pazia namsikia Zuwena anapumua.

Akiwa katikati ya kukata, akasimamisha msumeno.

"Kidole kisingenasa, ungefanyaje?"

Wakuu, nilijua jibu analotaka mji mzima. Nilijua pia ndani ya jibu hilo kuna Zuwena. Nikafungua mdomo nidanganye. Nikashindwa. Nilikuwa naumwa mno.

"Ningeitupa pale pale mzee wangu. Ningekimbia kuliko wote. Hata wewe ningekuacha."

Nikajua nimeshaharibu. Machozi yakanitoka, na siwezi kusema yote yalikuwa ya miiba.

Msumeno ukaendelea. Pete ikadondoka mezani. Akanipaka mafuta kidole, akavua kioo.

"Waliotangulia kumposa wawili," akasema. "Mmoja aliniambia hajawahi kugombana na mtu. Wa pili, kwamba saa yake haijachelewa hata dakika. Mimi nina miaka thelathini kwenye saa, na isiyochelewa sijaiona. Mwambie mshenga wako aje Ijumaa baada ya swala."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka na kuvunjika. Baadaye niliambiwa ni chungu.

Mzee alishatangulia mbele za haki, Mungu amrehemu. Siri ile hakuitoa kwa mtu. Mpaka leo misikitini wazee wenzangu wananiita shujaa wa nyuki, na mimi naitikia tu. Nimechoka kuitikia, ndiyo maana nimeandika.

Somo: nta ichemshe, ichuje, halafu ndiyo utumie. Na ukiulizwa swali na mtu anayetazama vitu vidogo kwa kioo, usijisumbue kudanganya.

Uwanja ni wenu wakuu. Ila kabla hujanicheka, niambie kwanza wewe ungejibu nini, kidole chako kiko chini ya msumeno wa baba mkwe?