Alama Mbili kwa Kitabu cha Ziwa Letu

Nora Mounsey alisoma riwaya za upelelezi tu. Ukimpa kitabu cha mapenzi, kesho yake atakurudishia amekishika kwa vidole viwili kama soksi ya mtu asiyemjua. Alikuwa na sababu, na bonde zima tuliijua, ingawa hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Katika vitabu vile, kabla hujafika mwisho, lazima mtu asimame aseme nani alifanya nini. Kwa Nora hakuna aliyewahi kusimama.

Alizaliwa shamba la juu kabisa, mahali ambapo theluji hukawia kuondoka, akaolewa na Ted Mounsey aliyekuwa akikodisha boti za makasia kwenye ziwa la Thornmere. Ted alikufa mapema, kifua kilimwondoa, na Nora akabaki na boti na mtoto mmoja wa kiume, Keith. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mpiga makasia na ulimi usiojua kupinda. Wageni waliochelewesha boti aliwasubiri gatini, mikono kiunoni. Nimewaona kwa macho yangu mabwana wa mjini, wenye magari ya kifahari, wakimwomba radhi kwa sauti ya watoto wa shule.

Mwezi wa nane mmoja, karibu miaka ishirini sasa, Nora alikwenda mnadani mjini, na Keith akatoka na boti peke yake mchana kweupe. Hakurudi. Boti ilikutwa inaelea tupu, makasia yamelazwa ndani sambamba, vizuri kabisa. Yeye alipatikana siku ya pili. Hakimu aliyechunguza kifo alisema sababu haijulikani, akafunga faili. Bonde letu halikuhitaji hakimu. Mtu aliyeteleza halazi makasia, watu walisema, na kijana mwenyewe alikuwa ameachwa na mchumba wake mwanzoni mwa mwaka. Wakajumlisha wenyewe. Hawakumwambia Nora usoni, lakini kanisani walimshika mkono kwa muda mrefu mno, naye akaelewa.

Kilichomtafuna zaidi ni kwamba na yeye aliamini nusu. Siku moja tulikuwa tukimenya matofaa jikoni kwangu, akasema bila kuinua macho, "Angeniambia tu. Mimi ni mama yake, si ukuta." Kisha akaendelea kumenya, na ganda halikukatika. Nilitamani kumkumbatia, lakini Nora hakuwa mtu wa kukumbatiwa akiwa na kisu mkononi.

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Alhamisi kwenye duka langu la chai, nikishafunga. Mwenye kukiongoza ni Pauline, mwalimu mstaafu ambaye hajui kwamba amestaafu. Sheria ni yake: kila mtu ataje alama zake, kumi ndiyo mwisho, kisha atoe sababu, na asikatizwe. Derek, dereva wa gari la posta, husoma sura ya kwanza na ya mwisho, na huja kwa ajili ya keki. Isaac Fearon, mfugaji wa kondoo wa ng'ambo ya ziwa, husoma kila neno na hasemi kitu. Kila kitabu hukipa saba.

Huyu Isaac tulimtania sana. Tangu Keith afe, yeye ndiye aliyekuwa akisafisha theluji kwenye njia ya Nora, akimtengenezea lango, akimletea paja la kondoo kila Krismasi. Nikamwambia Nora, "Mwenzangu, huyo anakutaka." Akanijibu, "Angekuwa ananitaka angenitazama usoni." Nilicheka. Kweli, Isaac alikuwa akimtazama viatu.

Kitabu kilicholeta haya yote kiliandikwa na bibi mmoja wa mjini aliyepanga nyumba juu ya kanisa kwa misimu miwili ya joto. Ziwa alilipa jina jingine, akadhani hatutalijua. Kanisa letu limo, gati limo, na duka langu limo, na skonzi zangu ameziita kavu, jambo ambalo sitamsamehe. Ndani yake kuna kijana wa boti anayekutwa amekufa majini. Wanakijiji wanasema amejiua. Anakuja mpelelezi mwenye mafua yasiyopona, na mwishowe inajulikana kwamba mwenye hoteli ndiye aliyempiga kijana kichwani, akamtosa, kisha akayalaza makasia vizuri ili kuwadanganya watu.

Nora mwenyewe ndiye aliyekileta. Nilimvuta pembeni.

"Nora mpenzi, una hakika?"

"Nataka mkisome," alisema. "Nataka watu wanaolijua ziwa hili waniambie kama inawezekana."

Basi tukajua tunachoulizwa, na si kuhusu kitabu.

Alhamisi ya kukijadili mvua ilinyesha. Derek akaanza, mdomo umejaa keki. "Tano. Muuaji nilimjua palepale. Anapishana na jirani yake kwenye barabara nyembamba na hainui hata kidole kwenye usukani kumsalimia. Nani hapa kwetu anampita mwenzie bila kuinua kidole? Hata kama umetoka kuua, kidole unainua."

"Wewe sura ya tatu umeisoma lini?" Pauline akamuuliza.

"Nilikuwa nasubiri kondoo wavuke barabara."

Tulicheka, hata Nora. Pauline akatoa sita, akilalamika kwamba ukungu umo kila ukurasa na jua kama vile halijawahi kufika huku. Mimi nikatoa nne, na sababu mnaijua.

"Kumi," akasema Nora.

Hakuwa amewahi kutoa kumi. Kuna kitabu kilichomliza kila mtu bondeni, na Nora alikipa nne kwa sababu mpelelezi alikuwa mzembe.

"Ni kwa ajili ya makasia," alisema. "Huyu mwanamke hatujui, lakini ameona kitu ambacho nyinyi wote hamkukiona. Kwamba anaweza kuyalaza mtu mwingine." Akatuzungushia macho, mmoja mmoja. "Sasa niambieni. Inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana, Nora," akasema Pauline, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena.

"Kabisa," akasema Derek. Nikasema na mimi. Hakuna aliyeamini, kwa maana nani angemuua Keith Mounsey, kijana aliyekuwa akiwabebea wazee mifuko? Lakini tulimpenda, na neno lilikuwa rahisi. Uso wake ulianza kulegea, nami nikafikiri labda leo atalala.

Isaac alikuwa bado.

"Mbili," akasema.

Derek akaguna. "Mbili? Wewe ambaye hata kitabu cha namba za simu ungekipa saba?"

"Ni kwa sababu ya kijana." Isaac alikuwa ameivua kofia na kuikunja mkononi. "Kitabuni anakufa kimya. Haikuwa hivyo."

Nora ndiye aliyeuliza, polepole. "Wapi haikuwa hivyo, Isaac?"

"Hapa. Keith aliita."

Nikuambie jambo moja hapa, ili usimhukumu kabla ya wakati. Ule mwamba mkubwa ulio juu ya ziwa hurudisha sauti. Wageni wanaupenda mno. Hupiga makasia hadi katikati, wakapiga ukelele, mlima ukawajibu, wakacheka. Mwezi wa nane ni hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Nora na Ted wenyewe walikuwa wakiwahimiza wateja wao wasikose kufanya hivyo. Sisi tuliozaliwa huku tumejifunza kutosikia. Mtu akipiga kelele ziwani mwezi wa nane, hakuna anayegeuza kichwa.

"Nilikuwa napakia majani makavu ya kondoo," akasema Isaac, akiiambia kofia. "Mvua ilikuwa inashuka mlimani. Nikasikia mtu anapiga kelele majini. Nikasema, hao hao wapuuzi. Nikakasirika hata. Sikugeuka."

"Basi ulijuaje ni yeye?" akauliza Nora.

"Sikujua. Kesho yake nilipoambiwa ndipo nikakumbuka. Wageni wakipiga kelele wananyamaza kidogo, wanasubiri mlima uwajibu. Yule alikuwa hasubiri."

Nilisikia birika likilia jikoni na sikwenda kulitoa. Mkono wa Nora ulikuwa juu ya kitabu, umetandazwa, kana kwamba kingeinuka.

"Aliita kwa muda gani?"

"Nora..."

"Nimekuuliza, Isaac. Muda gani?"

"Mpaka nilipomaliza kupakia tela."

Kila mtu pale alishawahi kupakia tela la majani, na alijua si kazi ya dakika chache. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Basi alitaka kurudi nyumbani," akasema Nora.

Jambo alilolitafuta katika vitabu vyote vile lilikuwa mbele yake. Mwanawe hakujiua. Hakuna muuaji, na hakuna huzuni aliyomficha mama yake. Kuhusu makasia hatutajua kamwe. Pengine aliyalaza apumzike, kama alivyozoea kufanya, akasimama kujinyoosha. Nilidhani atalia kwa afueni. Badala yake alikisukuma kitabu kando.

"Nimemnunia mtoto wangu miaka yote hii," alisema. "Naweka maua kaburini na nimemnunia. Na yeye alikuwa anaita."

Isaac akasema jambo, nadhani aliomba msamaha, lakini sauti haikutoka sawasawa.

"Usiniombe kitu leo," Nora akamwambia. Akavaa koti, akatoka mvuani. Kitabu alikiacha mezani, na Pauline, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia. Mimi pia. Hakuna mmoja wetu ambaye angeweza kuapa kwamba siku ile hakusikia kitu.

Jumamosi jua lilitoka. Nora alikuja dukani wakati wageni wamejaa, akasimama mbele ya meza ya keki. Alikuwa amevaa koti lake la buluu la kwenda kanisani.

"Funga," aliniambia. "Nataka uingie ziwani na boti mpaka katikati, uite. Mimi nitakuwa shambani kwa Isaac, pale alipokuwa akipakia. Nimeshamwambia."

"Ya nini kujitesa, Nora?"

"Nataka kusikia alichosikia. Ukiniona nimeinua mkono, nyamaza urudi."

Nilifunga. Wageni walinung'unika, nikawaambia waende wakale skonzi kavu kwingine. Nilipiga makasia hadi katikati, nikageuza boti nitazame juu. Shamba la Isaac linaonekana vizuri kutoka pale, nyuma ya ukuta wa mawe. Niliona koti la buluu limesimama katikati ya majani, na Isaac karibu na lango, mbali naye kidogo.

Nikaita. Mlima ukanijibu. Ufukweni watoto wakafurahi, wakaitika kwa vifijo, na baba yao akanipungia taulo. Gari jekundu la Derek lilipita barabarani bila kupunguza mwendo. Nikaita tena. Koti la buluu lilikuwa limenielekea, na sina shaka kwamba alinisikia tangu mara ya kwanza, lakini mkono haukuinuka. Nikaita jina la Nora, nikaita bila neno, nikaita hadi koo likawaka. Watoto walishachoka na mchezo wakarudi kwenye mchanga wao.

Sauti iliponiishia nilitazama juu. Isaac alikuwa ameketi chini kwenye majani, ameziba masikio kwa mikono miwili. Nora alikuwa bado anasikiliza.