Kamba wa Bahizire

Kamba yule aliingia nyumbani kwa Chibalonza, pale Mount Druitt, ughaibuni, bila kualikwa. Alijificha ndani ya jiwe la bahari ambalo mumewe, Bahizire, alilinunulia tangi lake la samaki. Kwanza walisikia mlio, ko, ko, kama mtu anayegonga kikombe. Kisha konokono wakakutwa wamepasuliwa, samaki nao wakaanza kupungua. Adam, Mtanzania anayefanya kazi katika duka la samaki wa mapambo huko Lidcombe, alikuja na tochi akachungulia shimoni.

"Huyu ni kamba-vunjajungu," alisema. "Tazama mikono ya mbele. Ana ngumi, siyo mikuki. Atawamaliza wote, kaka. Mtoe, au aishi peke yake."

Mtu mwenye akili zake angemtoa. Bahizire, kwa ukaidi wake, aligawa samaki akabaki na muuaji. Kila jioni akitoka kazini kwenye bohari alimtumbukizia konokono, akakaa kumsikiliza akivunja. Chibalonza alimcheka sana. Sasa kicheko kile kilimuuma, maana Bahizire alianguka kazini akafia hospitali, na mlio ule ndio uliobaki wa jioni zao.

Siku ya kuondoa matanga, watu walipokuja kugawana vitu vya marehemu, mlio ulikuwa umekoma kitambo. Shimo lilikuwa limezibwa kwa changarawe, na nje yake limelala gamba zima la kamba, pamoja na macho na ngumi.

"Ile nyama imekufa, Mama Falone," Rodrigue, shemeji yake, alimwambia Chibalonza, akionyesha gamba la kamba. "Turuhusu tutoe hii kioo ya samaki."

Chibalonza aliitikia kwa kichwa. Wakaanza kuchota maji kwa sufuria za wali.

Adam, aliyekuja kuchukua mawe, aliokota gamba akaliinua kwenye mwanga.

"Halina kitu ndani. Amejivua, dada. Amejifungia mpaka gamba jipya likomae. Akisumbuliwa sasa, ndipo atakufa kweli."

"Una hakika ni muzima?" Chibalonza aliuliza.

"Hapana. Huenda amefia humo humo. Ni kungoja tu."

"Watu wana njaa, Mama Falone," Rodrigue alisema kwa upole.

Chibalonza alimpokonya sufuria. "Nguo zake mupeleke zote. Mayi murudishe. Bahizire, waliniambia kwa simu amekufa, nikasema sawa. Huyu nitamungoja mimi mwenyewe."

Siku hiyo, kwa kuwa sufuria zilirudisha maji kwanza, wali uliiva magharibi, na hakuna aliyelalamika. Watu walikula wakinong'ona. Chibalonza aliketi mbele ya tangi, amewapa wageni mgongo, na konokono mmoja mkononi.