Mbegu za Mmea Unaokula Nzi

Kila nikifungua friji la mkwe wangu hapa Songea mjini, ule ubaridi ukinipiga usoni, naikumbuka chemchemi ya kwetu Madaba, na shangazi yangu Akwilina. Wajukuu hunifokea, "Bibi, funga, umeme unaisha!" Nafunga. Ila ninyi nitawaambia.

Bondeni kwetu kulikuwa na mmea mdogo mwekundu, majani yake yana utomvu kama gundi. Nzi akitua ananaswa, analiwa taratibu. Msinicheke, nimeona kwa macho yangu. Shangazi alikuwa na kifua kibovu, na ni maji ya mmea huo tu yaliyompa usingizi. Mwaka mmoja baba akalilima bonde lote, akapanda kabichi. Kabla jembe halijaufikia ule mmea, shangazi aliwahi kukung'uta mbegu zake, laini kama ugoro, akazifunga kitambaani, akanipa nimtunzie. Nilikuwa na miaka kama tisa. Shule niliishia la pili, lakini kutunza mbegu nilijua: ya mahindi tulikuwa tunaitundika juu ya moto, moshi ufukuze wadudu. Basi na hizo nikazitundika. Siku ya tatu nikakuta kitambaa kimebabuka upande mmoja.

Nikanyamaza.

Shangazi alipokifungua alikinusa, akazichambua kwa kidole muda mrefu.

"Humu kuna zilizoumia," akasema. "Na hizi hazipandwi hivi hivi. Kwanza zilale kwenye baridi, zenye uhai zitaamka."

Akazichanganya na mchanga mbichi, akazitia kwenye chungu kidogo, tukakifukia pale chemchemi. Ilikuwa miezi ya baridi, na umande wa Madaba unauma vidole kama siafu. Kila asubuhi nilikwenda kutazama, kisha nampitia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Una la kuniambia, mwanangu?"

"Hazijaota, shangazi."

Anakohoa, anageukia ukutani.

Jua lilipoanza kukaza tukazimwaga kwenye sinia la matope. Zikaota nne, kama vichwa vya sindano. Nilikimbia mpaka kitandani kwake.

"Una la kuniambia?"

"Zimeota nne, shangazi!"

Akacheka mpaka kifua kikamkaba. Nne hazitoshi hata kikombe kimoja, naye alijua. Tulimzika kabla ya mvua za kwanza.

Nimezeeka ndipo nikaelewa. Kitambaa kilikuwa kinanuka moshi, na aliyekinusa alikuwa mtu mzima. Zile asubuhi zote hakuwa akiuliza habari za mbegu. La kumwambia nilikuwa nalo. Ninalo hadi leo.