Mchezo Mmoja Aliouacha Gasto

Usiku ule sikuomba kumwona mtu. Nilikuwa nimepigwa mara tatu mfululizo kwenye mchezo wa simu, simu nimeitupa kitandani kwa hasira, nimejifunika blanketi mpaka kichwani maana Njombe ya mwezi wa saba haina huruma, na neno la mwisho nililotamka kabla ya usingizi lilikuwa tusi. Nalisema wazi ili mtu asije akadhani nililala na rozari mkononi. Nililala nimenuna.

Ngoja kwanza nieleze nilichokuwa nashindwa, la sivyo ndoto yenyewe haitakuwa na kichwa wala miguu. Kaka yangu Gasto, fundi simu, alikuwa na mchezo wa kadi kwenye simu yake. Ni mchezo wa kukusanya. Unapata kadi zenye picha za askari, wachawi, mazimwi, unazitunza, unapigana na watu usiowajua. Lakini kukusanya hakukumvutia. Alipenda upande mmoja tu wa ule mchezo, ambao sisi nyumbani tuliuita tatu-moja. Huko hata uwe umekusanya kadi za nchi nzima, hazikusaidii. Unaletewa kadi tatu, unachagua moja, mbili zinapotea huzioni tena. Zinakuja tatu nyingine. Hivyo hivyo mara thelathini, mpaka upate fungu lako, halafu unalipeleka vitani. Ukipoteza michezo mitatu, fungu linafungwa na kadi zote zinayeyuka. Ukishinda kumi na miwili kabla ya hapo, umemaliza.

Gasto alifariki akiwa ameshinda michezo kumi na mmoja na kupoteza miwili. Mmoja ulibaki.

Miezi miwili mama alikuwa anaichaji ile simu. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye mashine yake ya kufuma masweta ya shule, anachomeka waya, anafuta kioo kwa upindo wa kanga. Kuifungua hajui. Jioni ikilia, maandishi yakitokea, ananiita nimsomee, nami nasoma: "Fungu lako linakusubiri." Anaitikia, "Haya," kama mtu aliyeletewa salamu. Neno la siri mimi nalijua, ila kuigusa sikuthubutu. Na sasa msimu wa mchezo ulikuwa unafungwa kesho yake saa sita mchana, na fungu lisilomalizwa linafutwa. Nisipocheza, linakwenda. Nikicheza nikashindwa, linakwenda kwa mkono wangu. Kilikuwa kitu cha mwisho alichokitengeneza kaka yangu hapa duniani.

Na mimi, jamani, ni mbovu. Tangu tuanue tanga nilikuwa najifunza kwenye simu yangu, kila mchana mama akijinyoosha mgongo. Nilijifunza kutorukia kadi kwa sababu inang'aa. Nilijifunza kuchukua zile ndogo ndogo zinazoingia mezani mapema, maana hizo ndizo zinazokuweka hai. Nikanunua daftari, nikawa naandika nilichochagua na kilichoniua. Kutoka ushindi mmoja nikafika sita. Sita! Gasto alikuwa anafika tisa huku anakula ugali kwa mkono mwingine. Ugonjwa wangu aliujua tangu zamani: nashika. Nikipata kadi nzuri naiweka mkononi, nasema hii ni ya baadaye, bado kidogo, bado kidogo, mpaka napigwa nakufa ninayo. Alikuwa anasimama nyuma yangu anazihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, halafu anasema, "Umekufa na kadi saba mkononi, Vero. Unampelekea nani huko?" Nami namjibu, "Nyamaza, nenda kalehemu simu zako."

Wodini, mara ya mwisho tulipozungumza, moyo wake umeshapanuka na pumzi inakatika katikati ya maneno, aliniambia, "Kesho njoo tumalizie ule mmoja. Mikono imechoka. Utashika wewe, mimi nitakuelekeza." Nikasema nitakuja. Kesho yake tulikuwa na masweta arobaini yanasubiriwa shuleni. Nikasema si mbaya, nitakwenda keshokutwa. Keshokutwa nikaenda, nikakuta kitanda kimetandikwa.

Basi nimelala nimenuna, na kitu cha kwanza nilichosikia ni mashine ya mama ikikimbia. Nikajua kumekucha na nimechelewa. Nikaingia chumba cha kazi. Mama hakuwepo, mashine inakwenda yenyewe. Kwenye kigoda changu amekaa Gasto. Amevaa sweta lake la kijani, lile mama alilomfumia likatoka refu mikono, lile tulilomzika nalo, naye ameikunja mikono mara mbili kama kawaida yake. Ana bisibisi ndogo. Simu yake iko mezani, ameifungua, matumbo nje. Sikushtuka. Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Sikushtuka, sikumkumbatia, nilichosema ni, "Hicho kigoda changu."

Akasogea. Nikakaa ubavuni kwake, nikasikia harufu ya moshi wa kulehemu kwenye sweta.

"Chagua," akasema.

Kutoka kwenye ile simu iliyofunguliwa zikatoka kadi tatu, zikasimama zenyewe mezani. Moja ilikuwa na picha ya kikombe cha chai cha mama. Moja ilikuwa na kufuli la kibanda chake cha stendi. Ya tatu sikuiangalia vizuri kwa sababu mkono wangu ulishachukua. Zilizobaki zikalala, zikawa mbao za meza. Nikasema subiri, sikuona. Akatikisa kichwa. Zinakuja tatu nyingine.

Nachagua. Zinakuja. Nachagua. Hatuko chumbani tena, tuko kibandani kwake, watu wamepanga foleni na simu zilizopasuka vioo. Halafu foleni ni ya hospitali, ni wale wanaosubiri saa ya kuona wagonjwa, wameshika chupa za uji na wananitazama. Meza imekuwa kitanda. Gasto amekaa katikati yake, miguu imevimba kama ilivyokuwa, sweta bado amelivaa. Kadi zinanijaa mkononi na sijui nimechagua nini. Najaribu kuzigeuza nizione, vidole vinakataa. Nataka kumwambia naomba unisamehe. Nafungua mdomo, mdomoni kuna uzi wa kufumia. Nauvuta, unatoka, wa kijani, nauvuta tena, hauishi. Yeye anangoja tu nichague.

Chaguo la ishirini. Najua ni la ishirini bila kuambiwa. Zimesimama tatu, na ya katikati ni geti la hospitali, asubuhi, jua limetoka, na mimi mwenyewe nimo kwenye picha nimevaa kitenge changu cha bluu, naingia. Ni ile siku. Ni ile siku niliyobaki na masweta.

Nikairukia. Nagonga kwa kidole, haijibu. Nagonga kwa kucha. Nagonga kwa viganja vyote viwili, kitanda kizima kinatikisika, kadi imeganda palepale na mimi mdogo mle ndani nimenyanyua mguu sifiki. Uzi ukanitoka mdomoni nikapiga kelele, "Kaka, itengeneze! Wewe si fundi? Itengeneze basi!" Gasto ananitazama na bisibisi iko mkononi, wala hainyanyui. Sijawahi kumwona Gasto akiiangalia simu iliyoganda bila kuigusa. Hapo ndipo nilipojua amekufa. Mazishi nilihudhuria, udongo nilitupa, lakini kujua nilijua pale.

"Hiyo ilishapita," akasema. "Tazama ulizonazo."

Nikatazama. Safari hii zikageuka. Zilikuwa saba, na katika zote hakuna zimwi wala askari, yuko mama peke yake. Mama anachomeka waya. Mama anafuta kioo. Mama anatoa vikombe vitatu vya chai halafu anarudisha kimoja. Mama anasema "Haya" kwa simu. Zote nilikuwa ninazo, miezi miwili ninazo, na hata moja sijaiweka chini.

"Weka moja."

Siwezi. Mkono umekakamaa, haufunguki. Nalia sasa, nalia kama mtoto, namwambia siwezi, niwekee wewe. Haniwekei. Ameinama anarudishia skrubu za simu, moja moja, kwa ule utaratibu wake wa kumkera mteja mwenye haraka. Bila kuninyanyulia macho akasema, "Mwambie mama asiichaji tena."

"Na fungu lako? Umebakiza mchezo mmoja tu!"

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Zote thelathini nilichagua mwenyewe, Vero. Mimi nilikuwa napenda kuchagua."

Anakaza skrubu ya mwisho. Chumba kinaanza kuwa cheusi kuanzia pembeni. Nikasema haraka haraka, nikiona anaondoka, "Sawa, nitamwambia. Nitamwambia kesho."

Nikamsikia nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nataka kugeuka, shingo haigeuki. Nne. Tano. Sita.

Kwenye saba niliamka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefumba ngumi na kucha zimeacha alama kiganjani. Kulikuwa kumepambazuka. Mashine kimya. Nikasikia kandambili za mama zikipita koridoni kuelekea chumba cha kazi, kwenye soketi.

Nitasema ukweli. Niliposikia zile kandambili, nilijiambia acha kwanza anywe chai. Kisha nikajiambia acha amalize mzigo wa leo, akiambiwa sasa hatafuma. Sababu zote zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kama za siku ile. Nikatoka kitandani bila viatu, na sakafu ya Njombe asubuhi inauma mpaka kwenye mifupa.

Alikuwa ameinama, waya mkononi.

"Mama, usiichomeke."

Akabaki vile vile ameinama.

"Nimemwota Gasto. Amesema usiichaji tena."

Nilitegemea alie, au anigombeze. Alijiinua taratibu, akakaa kwenye kigoda changu na simu mapajani.

"Kwangu haji," akasema. "Miezi miwili naiweka hii chini ya mto, nasali, namwita kwa jina lake la ubatizo, haji. Anakwenda kwako wewe unayelala na matusi."

Nilisimama nimeninginiza mikono. Nje jogoo wa jirani anawika, mimi na mama tunaitazama simu iliyozimika kioo.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Sweta lako. La kijani."

"Mikono?"

"Ameikunja."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, mama. Kama kawaida yake."

Akafunika uso kwa kanga. Alipoongea, sauti ilitokea ndani ya kitambaa. "Siku ya kumzika nilimvisha mwenyewe, nikasahau kumkunjia. Mikono ilimfunika vidole. Nimekuwa nikiiwaza hiyo tu, Vero. Kila nikikaa kwenye mashine, ni hiyo tu."

Miezi miwili tumeishi nyumba moja, tunakula sahani moja, na sikujua. Nilikuwa chumba cha pili najifunza kadi.

"Basi amekunja mwenyewe," mama akasema.

Akauzungusha waya kwenye kiganja kama anavyozungusha uzi uliobaki, akaufunga fundo, akautia kwenye kikapu cha nyuzi. Kisha akanipa simu.

"Chaji iliyomo inatosha mchezo mmoja?"

Nikaangalia. "Inatosha."

"Basi kaa ucheze, nione alichokuwa anakipenda."

"Mama, nitashindwa."

"Nimesema kaa."

Alinipisha kigoda changu, akavuta cha kwake karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Nikaweka neno la siri. Kadi za Gasto zikanijia mkononi, na moja ilikuwa nzuri mno, ile ambayo siku zote ningesema bado, hii ni ya baadaye. Zamu yangu ilipofika nikaiweka mezani.