Wimbo wa Vipimo

Kulikuwa na fundi makochi mmoja ambaye watu walizoea kumwita Misumari, kwa kuwa akiwa kazini hubana misumari midogo kati ya midomo. Mkono mmoja umeshika kitambaa, mwingine nyundo, sasa misumari ikae wapi? Kwa hiyo nyimbo zake zote zilizaliwa mdomo ukiwa umefungwa. Alivumisha sauti puani kutwa nzima, mmm-mmm, na sauti ile ikimkaa kichwani mpaka kesho yake, ndipo alipoitafutia maneno. Ikipotea, aliiacha iende zake. Hakuwa mtu wa kukimbizana na wimbo.

Mwimbaji wake alikuwa rafiki yake tangu ujanani, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye sauti yake kali ilimpa jina la Kengele. Miaka thelathini Misumari alitunga na Kengele akaimba kwenye harusi za watu. Halafu koo la Kengele likaota uvimbe, akapasuliwa, akapona. Sauti ilirudi, ila haikurudi yote. Ilibaki ya chini, yenye mikwaruzo, na akijaribu kuipandisha inakatika.

Sasa kitinda mimba wa Kengele alikuwa aolewe baada ya wiki tatu, na baba mtu ameshasema haimbi.

"Nimeimba harusi za watoto wa watu," alimwambia Misumari. "Ya mwanangu nitapiga makofi. Makofi hayahitaji koo."

Alisema kwa mzaha, lakini macho hayakucheka. Misumari akarudi kwenye karakana yake, akatia misumari mdomoni, akaanza kuvumisha, akitafuta wimbo ambao koo lile lingeuweza. Wimbo wa kwanza ulipanda mwishoni, kama zake zote. Wa pili akaubana usipande, ukawa kama mtu anayeugulia jino. Siku nne zilikwenda hivyo. Hata kochi la mwalimu mmoja alilivisha kitambaa maua yakitazama chini, ikabidi akibandue na kuanza upya.

Siku ya tano alimpelekea Kengele kiti chake kilichobadilishwa sponji. Alipofika mlangoni, kiti kichwani, alimkuta akimpima binti yake gauni la harusi. Mke wa Kengele alikuwa mezani na daftari, kama ilivyo kawaida yao: mume anataja, mke anaitikia na kuandika.

"Bega kumi na tano."

"Kumi na tano."

"Kiuno ishirini na nane. Simama wima wewe, acha kuchezacheza."

"Baba, mbona nimesimama."

"Ishirini na nane," mama akaitikia.

Misumari alikuwa ameyasikia hayo maisha yake yote na kuyaona kazi tu. Siku hiyo akaisikia sauti yenyewe ya Kengele. Ilikwenda chini kwa chini, tambarare, wala haikukatika popote. Akajiona mjinga. Kwa nyimbo zake, siku zote alikuwa anashona nguo kwanza, kisha anamtafuta wa kuivaa.

Binti alipotoka, Misumari akatua kiti. "Shemeji, madaftari ya zamani unayo? Nataka vipimo vya huyu mtoto, tangu sare ya darasa la kwanza."

"Vya nini tena? Unamshonea?"

"Huyu akishona gauni," Kengele akasema, "atatia na springi."

Shemeji alicheka, lakini aliingia ndani akatoka na madaftari sita yenye vumbi. Darasa la kwanza, bega kumi. Pembeni ameandika: hataki mikono mifupi. Mwaka uliofuata: pindo likunjuliwe. Mwingine: likunjuliwe tena.

Misumari aliyasoma karakanani, mdomo mtupu. Kwanza aliandika vipimo vyote, akavisoma kwa sauti, vikawa kama mwalimu anaita majina. Akafuta kiuno, akafuta mkono, akabakiza bega peke yake, maana bega hukua polepole. Kati ya namba na namba akatia yale anayoyasema baba mwenye futi mkononi. Jumamosi mchana akampelekea Kengele karatasi.

Kengele alivaa miwani akasoma kimya. Kisha, bila kuambiwa, akaanza kwa sauti ileile ya kazini:

*Bega kumi, simama wima mama,*
*bega kumi na moja, pindo nakunjua,*
*bega kumi na tatu, jana tu nilikupima, nani kakutuma ukue,*
*bega kumi na tano...*

"Kumi na tano," mkewe akaitikia kutoka mezani, kwa mazoea.

Kengele akaishusha karatasi. Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha gauni, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Hapo ndipo nilipopataka," Misumari akasema. "Sauti ya juu tumwachie shemeji."

"Mimi? Sijaimba hata kanisani."

"Umeimba naye miaka yote."

"Mstari wa tatu mrefu," Kengele akasema. "Pumzi haifiki. Punguza."

"Niondoe nini?"

"Toa 'jana tu nilikupima'. Nani kakutuma ukue, basi. Inatosha."

Misumari alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akakata. Nje viatu vya binti vikasikika kwenye ngazi. Kengele aliivuta karatasi upesi, akaikunja mara nne na kuisukumia chini ya cherehani, akamkazia mkewe macho asiseme neno.