Amri Moja Iliyotiiwa

Shimo la wachimbaji wadogo huku Nyamongo lilititia, likamfukia mtu. Tulimsikia akigonga jiwe huko chini. Wenzake walishika kamba, tayari kushuka.

“Hakuna kushuka,” alisema polisi. “Msimamizi hapa ni zimamoto.”

Wa zimamoto akatikisa kichwa. “Mimi nina vifaa tu. Amri ni ya watu wa idara ya madini.”

Ofisa wa madini aliinua simu juu kutafuta mtandao. “Nasubiri mkubwa.”

Mke wa aliyefukiwa, ameshika viatu vya mumewe, akauliza, “Jamani, mkubwa wenu ni nani, nimpigie magoti?”

Polisi akanigeukia mimi. “Mzee wa kanisa, tuombee wakati tunasubiri.”

“Fumbeni macho,” nikasema.

Wachimbaji wakaweka kamba chini, wakavua kofia. Niliomba kirefu, nikiwataja viongozi wote kwa vyeo vyao, kwa kuogopa lawama.

Niliposema amina, yule mke alikuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye udongo.

“Amenyamaza,” alisema.

Watu wanazilaumu idara zile. Mimi sithubutu. Siku ile amri moja tu ilitiiwa na wote, nayo ilitoka kinywani mwangu.