Kutoka Mikindani Kufuata Nyota Nyekundu

Nilitoka nyumbani Mikindani kwa sababu ya sifuri. Mwanangu Salma, wa miaka minane, alichora mbingu shuleni akazitia nyota zote rangi nyekundu, maana ndivyo alivyoziona kwenye picha za darubini ya angani. Mwalimu akamwambia anadanganya, akampa sifuri, darasa zima likamcheka. Tangu siku hiyo hakushika penseli. Mtoto aliyekuwa akichora hata kwenye unga wa chapati! Nikawaka. Niliposikia kuna Bi Khadija, mwalimu mstaafu wa Likoni anayewafundisha watoto mambo ya anga, nikasema nitaleta ushahidi nimtupie yule mwalimu mezani.

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Jirani yetu dereva wa lori alitupakia hadi Changamwe. Moshi, honi, matangi ya mafuta yakimetameta juani.

"Mama, utamgombeza mwalimu?"

"Mpaka ajute."

"Basi turudi," akasema, akageukia dirishani.

Saa nne tulikuwa kwenye feri. Pale unasimama tu, huendi, na ng'ambo inakujia yenyewe polepole kama kitu unachokiota. Nilimshika Salma mkono.

Shelly Beach, huko Likoni. Bi Khadija alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Darubini iko wapi? Mtoto anataka kuchungulia."

"Kwenu hamna shikamoo?"

Nikaona haya. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe, mjukuu wangu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaeni. Darubini yenyewe iko mbali kuliko mwezi."

"Wallahi nimevuka maji na mtoto kuja kuambiwa haipo?"

"Ile haichunguliwi, mwanangu. Yatuma picha."

Alitupeleka chumbani, akashusha mapazia, akafungua kompyuta. Sijui nilikaa pale muda gani. Kiza chote kilijaa chembe za mwanga, na kila chembe, akasema, ni kundi la nyota zisizohesabika. Nyingine zilijikunja kama maziwa yaliyokorogwa kwenye chai. Nyuma yao kabisa, vitone vyekundu. Mwanga wa vitone vile ulianza safari kabla dunia haijakuwapo. Nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyesahau viatu mahali.

Kisha nikakumbuka nilichokifuata, nikamweleza habari ya mwalimu na sifuri. "Rangi hizi ni zenyewe au mmepaka?"

"Watu wamezitia."

Nikasimama. "Kwa hiyo mwalimu kasema kweli!"

"Kaa. Hasira zako zatangulia mbio, zakuacha nyuma. Pasi ikipata moto, wauona ule moto?"

"Siuoni."

"Ukiigusa?"

"Naungua."

"Basi. Mwanga wa mbali sana umevutwa njiani hata ukapita wekundu tunaouona. Jicho halina habari nao, darubini yaupokea. Nasi twautia rangi ili tuuone, na ule uliovutwa zaidi twaupa nyekundu. Mtoto hakudanganya. Mwalimu naye labda hajaonyeshwa."

Salma akanyanyua kichwa. "Bibi, na walioko huko kwenye nyota wakitutazama, wananiona mimi?"

"Bado. Mwanga wako ndiyo kwanza umetoka nyumbani."

Saa tisa, feri ya kurudi. Salma alisimama kwenye vyuma, akapunga mkono kuelekea mbinguni, kukiwa na jua kali.

"Wamuaga nani?" mama mmoja mwenye kapu la samaki akamuuliza.

"Hawajaniona bado. Wataniona."

Kisha akaniomba kalamu, nikampa yangu nyekundu, akachora juu ya bahasha ya maandazi mpaka tukafika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni pa darasa. Maneno makali yalikuwa yamejaa mdomoni, nikayameza. Nikaanza na salamu, nikauliza habari za nyumbani kwake, ndipo nikasema, "Mwalimu, Salma ana kitu cha kukuonyesha."

Mwalimu aliitazama ile bahasha yenye mafuta. "Na hizi nyekundu?"

Nilitaka kujibu mimi. Nikajizuia.

"Ndizo za mbali, mwalimu," akasema Salma, kwa sauti, wenzake wote wakisikia. "Zimetembea sana."

Sifuri haijafutwa, na hasira yangu sijaimaliza. Lakini nimejifunza kuiacha itembee nyuma ya mtoto, yeye afike kwanza. Jana nilikuta ukuta wa jikoni umejaa vitone vyekundu. Sijaufuta.